Mitungi ya Bibi Ilivyolizuia Kokoro Kupita Juu ya Viota vya Samaki

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Leo sina swali wala siombi ushauri. Nina kisa cha bibi yangu mzaa baba, na ninakileta kama nilivyokipokea. Kwa kawaida mimi naandika riwaya, yaani kazi yangu ni kuongeza chumvi. Hapa sijaongeza hata punje. Asiyeamini aje Kihesa, Iringa, Bibi yupo, masikio mazima, ulimi mkali.

Nianze na kilichonipeleka kwake.

Mimi naishi Mbeya. Tuna kikundi chetu cha waandishi vijana. Tunasomeana kazi zetu, tunagombana juu ya nukta na koma, tunaagana tukiwa tumependana zaidi. Niliwasomea sura ya kwanza ya riwaya yangu inayotokea miaka ya hamsini: msichana wa Kinyakyusa amesimama ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upepo unaichezea nguo yake, macho yamejaa huzuni isiyo na jina.

Wenzangu walipiga makofi. Nikavimba kichwa. Nikapanda basi mpaka Iringa kumsomea Bibi, maana msichana yule nilimchonga kwa sura yake.

Bibi alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso. Halafu akauliza:

"Huyo msichana hana kazi?"

"Anatafakari, Bibi."

"Anatafakari. Na mtungi wake uko wapi?"

"Mtungi gani?"

Akaweka kisu chini. "We mtoto, miaka hiyo mwanamke hasimami ziwani mikono mitupu. Unataka kuandika habari zangu, basi andika mtungi. Mtungi wangu mimi ulisimamisha kokoro."

Wakuu, sura yangu ya kwanza ilikufa palepale kwenye maganda ya viazi.

Haya ndiyo aliyonisimulia.

Bibi jina lake Tusekile. Aliolewa akiwa binti mdogo na babu yangu, Ambakisye, huko Kyela, kwenye ghuba moja ya Ziwa Nyasa ambapo maji ni maangavu kiasi kwamba mtumbwi unaonekana kama umetundikwa hewani.

Kwa Wanyakyusa wa wakati ule vijana hawakukaa kijiji kimoja na baba zao. Walijenga chao, jirani. Kwa hiyo ghuba ile ilikuwa na vijiji viwili: upande wa jua kuchomoza wazee, upande wa pili vijana na wake zao. Katikati migomba.

Sasa shikeni jambo moja, maana kisa chote kimeegemea hapo.

Mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hamtamkii jina. Wakikaribia kukutana njiani, yeye anaingia kwenye migomba, anageuka, anasubiri mpaka apite. Na mzee naye ana wajibu wake: mahali wanapochota maji na kuoga wake za wanawe, hakanyagi. Akisogea karibu na nyumba, anakohoa kwanza ili mtu ajifiche.

Bibi amefika umri huu hajawahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Nilimbembeleza. Alinitazama kama nimemtukana. Basi humu tumwite Mzee.

Mzee alikuwa na kokoro kubwa kuliko yote ghubani. Kwa wasiojua, kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa majini kwa mtumbwi, kisha watu wanauvuta kutoka nchi kavu kwa kamba za pande mbili. Chini umefungwa mawe ili usiachie nafasi. Unakokota kila kitu kilicho mbele yake, samaki, majani, na mchanga wenyewe.

Ambakisye yeye alikuwa msaidizi wa Bwana Samaki, ofisa wa serikali aliyekaa Mbeya na kushuka ziwani mara mojamoja. Kazi ya babu ilikuwa kwenda kwa wavuvi na ubao uliochorwa vipimo, kumlaza samaki juu yake, kusoma urefu wake kuanzia mdomoni mpaka mkiani. Walitaka kujua kama samaki wanapungua na kama wanavuliwa kabla hawajazaa.

Wavuvi wa mishipi walimpa samaki wao, wakimcheka cheka. Baba yake mzazi alikataa.

"Leo wanapima samaki," Mzee alisema. "Kesho watampima anayemvua. Keshokutwa kodi. Ubao wako usinikaribie."

Na kijana hambishii baba yake. Ambakisye akarudi nyumbani na ubao mkavu.

Huku samaki walikuwa wanapungua kweli. Bibi alijua kutokana na kazi yake ya kuwakausha. Perege, ambao kule wanawaita magege, zamani alikuwa akiwapanga juu ya kichanja na mikia inaning'inia nje. Sasa walilala wote ndani, na nafasi ilibaki. Mwanawe wa kwanza alikuwa anaanza kula vyakula vigumu, na Bibi alijiuliza atamkuza kwa mboga gani.

Bwana Samaki alitaka maji ya kina kifupi yafungwe kwa kokoro msimu wa perege kuzaa. Lakini alimwambia babu wazi kwamba hatamfungia mtu wavu kwa maneno matupu. Aletewe hali ya samaki, na hali ya chini ya maji.

Hali ya chini ya maji. Utaitazamaje?

Babu alipokwenda Mbeya kupeleka vipimo vyake, alinunua kipande cha kioo kwenye duka la Mhindi mmoja pale mjini. Alikifunga ndani ya blanketi, akakipakata juu ya lori, mashimo yote ya Tukuyu, mpaka Kyela. Kilifika kizima. Akachukua debe la mafuta ya taa, akalikata kitako, akakipachika kioo pale na kukiziba kwa lami.

Ukilitumbukiza debe lile majini na kuchungulia ndani yake, mawimbi yanatoweka. Unaona chini kama unavyoona sakafu ya chumba chako.

Wa kwanza kuchungulia alikuwa Bibi, palepale anapochota maji.

Hapo sauti yake ilibadilika, wakuu. Akaacha viazi kabisa.

"Niliona sahani," akasema. "Mchanga wote umechimbwa sahani, moja, nyingine, nyingine. Juu ya kila sahani dume limesimama, jeusi, linachapa mkia, mwenzake akisogea linamfukuza. Nilikuwa nachota maji juu ya mji na sikujua."

Vilikuwa viota. Dume la perege huchimba kiota kwa mdomo, punje kwa punje. Jike huja kutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni mwake na kuondoka nayo.

Mzee alipokwenda msibani milimani, babu alimpandisha Bibi mtumbwini wakaenda upande wa wazee. Walikuwa na kamba yenye mafundo. Wanaishusha chini, babu anapiga makasia taratibu, Bibi kichwa ndani ya debe anahesabu viota kati ya fundo na fundo.

Upande wao alikuwa amechoka kuhesabu. Upande ule alinyamaza.

"Mbona huhesabu?" babu akauliza.

"Nihesabu nini? Pamefagiliwa."

Palikuwa na mifereji ya mawe ya kokoro, sambamba, kama mtu amepitisha reki. Hapa na pale ukingo wa kiota kilichovunjwa. Dume moja lilikuwa linazunguka mahali patupu.

Mnaona kilichotokea? Mila ilikuwa imefunga sehemu ya ghuba bila mtu yeyote kukusudia. Mzee hakanyagi walipo wakamwana, kwa hiyo kokoro lake halikuwahi kupita pale. Wenzetu wa sayansi wangepaita kwa jina zuri. Bibi alipaita kwa jina lake: pale tunapochota maji.

Babu akaenda kwa baba yake na unyenyekevu wote, akaeleza. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akimsaidia mama mkwe kupepeta mpunga, kajibanza, anasikia kila neno.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Umepima mahali wanawake wanapooshea vyungu! Pale panamwagwa ukoko wa wali, maganda, makombo. Hata mimi ningekuwa samaki ningejenga pale. Sisi huku wake zetu wanaoshea kijitoni, ziwani hawamwagi kitu. Sasa kokoro langu limekosa nini? Makombo ndiyo yanawaita."

Babu aliaga. Alitoka kichwa chini.

Na Bibi, kwa maelezo yake mwenyewe, alikasirika kwa sababu hoja ilikuwa nzuri.

"Alikuwa na akili yule," akaniambia. "Usimwandike mjinga. Nilirudi nyumbani najiuliza, ni makombo au ni kokoro? Nami sikujua. Nikaapa nitajua."

Basi alifanya hivi.

Aliwaita wanawake wenzake wa kijiji cha vijana. Akawaomba wahamishe sehemu ya kuchotea maji, waende mbele kidogo kuelekea upande wa wazee, mpaka pale penye mifereji. Lakini wasioshe kitu. Wasimwage hata punje. Wachote, waweke mitungi yao mchangani, basi. Vyombo viendelee kuoshewa kulekule kwa zamani.

Rafiki yake Subilaga alimkodolea macho.

"Yaani nitembee mbali zaidi, nisioshe, nisifue, halafu nirudi kule kuosha? Mimi nimekuwa askari wa Bwana Samaki?"

"Umekuwa askari wa mboga yako."

"Mume wako analipwa, mimi nalipwa nini?"

"Kichanja chako kina samaki wangapi leo?"

Subilaga akacheka. "Nitakuja. Ila nikichoka nitakutukana."

"Tukana ukiwa umebeba mtungi."

Wakaja. Ile mitungi mizuri ya Wakisi, wafinyanzi wa ziwa lile, tumbo duara, wakaipanga mchangani kama watu waliokaa barazani. Na kule mtungi ukiwa ufukweni maana yake mwenyewe yuko njiani. Hakuna baba mkwe atakayesogea hapo.

Siku ile wavutaji wa Mzee walikuja na kokoro, wakaona mitungi. Wakarudi kumwambia. Mzee akasubiri wanawake waondoke. Wanawake wakaondoka, wakaja wengine. Walikuwa wanapokezana.

Mambo yakawaka. Bibi alikuwa kwa mama mkwe tena, Mzee akafika nyumbani akikohoa kwa hasira. Bibi akachupa nyuma ya ua wa mianzi. Mzee alijua yupo pale. Kila mtu alijua. Lakini maneno ilibidi yapitie kwa mama mkwe, aliyekuwa amekaa katikati na ungo wake.

"Mama Ambakisye! Mwambie huyo mke wa mwanao aondoe vyungu vyake kwenye maji yangu."

Mama mkwe akageukia ua. "Mkwe wako anasema umeamkaje."

"Sikusema hivyo!"

"Mwambie nimeamka salama," Bibi akanong'ona. "Na mwambie tunamheshimu. Tumeogopa kukutana naye njiani, ndiyo maana tumeweka alama."

"Anasema anakuheshimu sana."

"Amezidi! Nani alimwomba heshima yote hiyo? Heshima inatambaa kila siku hatua moja kuja kwangu! Nitamrudisha kwao!"

Mama mkwe akapepeta mpunga kidogo. "Utawaambia wazazi wake amekosa nini? Kwamba amekukimbia kupita kiasi?"

Kuku tu ndiye aliyejibu.

Nilicheka mpaka jirani wa Bibi akachungulia dirishani. Lakini Bibi hakucheka.

"Niliogopa," akasema. "Kurudishwa kwetu haikuwa mzaha. Mtoto angebaki kwa baba yake. Niliingia nyumbani nikamkumbatia mwanangu, nikawaza, nikaondoe mitungi? Kesho yake nikaubeba mtungi wangu, nikarudi palepale."

Mtoto huyo, wakuu, ndiye baba yangu.

Wanawake wengine walikata tamaa. Kuna aliyeombwa na mumewe aache fitina. Kuna aliyechoshwa na umbali. Subilaga alitukana kama alivyoahidi, kila siku, na kila siku alikuja. Mwingine alijisahau akaosha sufuria pale. Bibi akamwondoa kwa ukali uliomshangaza yeye mwenyewe, maana ukoko mmoja tu ungempa Mzee ushindi.

Bibi alikuwa akichungulia kwa debe. Mwanzoni hakuna kitu. Mifereji ileile. Halafu mifereji ikaanza kulainika. Halafu asubuhi moja, joto lilipoanza kupanda na mawingu ya mvua za kwanza kukusanyika juu ya milima ya Livingstone, aliona dume limesimama mahali patupu, linatema mchanga. Linainama, linabeba mdomoni, linasogea, linatema.

"Nikamwambia, chimba baba. Chimba. Sisi tuko juu hapa."

Mvua zilipokolea, pale palipofagiliwa palijaa sahani. Hakuna ukoko. Hakuna ganda. Na upande wa pili wa mitungi, kokoro lilikopita, ilikuwa mifereji tu.

Babu akataka kukimbilia kwa baba yake kueleza. Bibi akamzuia.

"Ulishaeleza. Akakucheka. Sasa aone."

"Ataonaje? Hawezi kufika pale, mitungi ipo. Na wewe upo."

"Basi sisi tutaondoka."

Alimtuma mama mkwe na ujumbe mmoja: kesho asubuhi wake za vijana wote watakuwa mashambani, hakuna hata mmoja atakayekuwa ziwani, na mtumbwi wa Ambakisye utakuwa pale na debe ndani yake.

Hakuongeza neno. Hakuomba, hakubishana.

Asubuhi ile aliondoa mitungi kwa mikono yake. Aliiacha sehemu ile wazi, tupu, bila ulinzi. Mzee angetaka, angekuja na wavutaji wake wote, na kabla jua halijasimama kusingekuwa na kiota hata kimoja. Kazi yote ya miezi ile, uvumilivu wa wenzake, aibu aliyoikabili, vyote aliviacha mchangani mbele ya mtu ambaye hajawahi kuuona uso wake.

Wenzake walikwenda shambani. Yeye alibaki ndani ya migomba, mgongo umegeukia ziwa, kama mila inavyotaka.

Akasikia kikohozi.

Akasikiliza kama kuna sauti za wavutaji. Hakuna. Alikuwa peke yake.

Akasikia mtumbwi ukisukumwa. Kasia. Kisha debe likigusa maji.

Kisha hakusikia kitu kwa muda mrefu mpaka akafikiri Mzee amezama. Alikaribia kugeuka. Hakugeuka.

Mara akasikia sauti ya Mzee ikitokea ndani ya debe, nzito, ya mtu aliyesahau kwamba dunia ina masikio:

"Kumbe mko hapa."

Jioni Mzee alirudi kwake, akakohoa, Bibi aliyekuwa kwa mama mkwe akaingia nyuma ya ua. Mama mkwe alikuwa kwenye nafasi yake.

"Mwambie kile kioo kina ukungu," Mzee akasema. "Akifute. Kesho nitachungulia tena."

"Nitamwambia. Na mitungi?"

"Nani amesema habari za mitungi? Irudi ilipokuwa." Akasimama kidogo. "Isogezwe mbele kidogo. Kuna viota vingine wamevianza nje ya pale."

Kesho yake likaja kapu la samaki kutoka kokoro lake, alilolivuta kwenye kina kirefu, mbali na viota. Lilikuwa limebebwa mpaka mlangoni kwa Ambakisye, juu yake amelazwa perege mmoja, na ujumbe ulikuwa neno moja tu: "Pima."

Walikuwa wadogo, wengi wao. Babu aliwalaza kwenye ubao mmoja mmoja, na Mzee alisimama ng'ambo ya migomba akisikiliza kila urefu ukisomwa. Hakubisha hata mmoja. Vipimo vile vilikwenda Mbeya, pamoja na habari za viota, na Bwana Samaki akapata alichotaka kufungia maji yale msimu wa kuzaa. Lakini Bibi anasema wavuvi waliyaheshimu kwa sababu ya mitungi, amri ilikuja nyuma.

Baadaye babu alihamishiwa Iringa kwenye kazi ya mabwawa ya samaki, wakajenga Kihesa. Kioo kilipasuka safarini. Debe lipo mpaka leo, limepandwa vitunguu majani.

Mzee alipofariki, Bibi alikwenda kumlilia Kyela. Nilimuuliza kama siku ile angalau aliuona uso wake.

"Hapana. Nilimjua kwa kikohozi." Akachukua kisu, akarudi kwenye viazi. "Ila samaki wale tuliwatazama wote wawili, mahali pamoja, kwa kioo kimoja. Hiyo inatosha. Haya, isome tena hiyo sura yako."

Sikuisoma. Niliichana. Nimeianza upya, na sentensi ya kwanza ina mtungi.

Nilichojifunza, wakuu: ukiwa na ukweli, usiishie kuupigia kelele. Mpe anayekupinga hoja yake nzuri, uijaribu kwa jasho lako, kisha umwachie nafasi aende kuchungulia mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mimi bado inanishinda.

Kama kuna mtu humu wa Kyela, Matema au Ludewa, hebu atuambie: kwenu bado kuna sehemu ambayo kokoro halipiti? Inalindwa na nini siku hizi? Na ukichungulia chini, sahani zipo?

Karibuni, nasoma kila koment. Bibi naye atasomewa, kwa hiyo andikeni kwa adabu.